Mashimo 7,500 kwa Ekari

Nimeulizwa tena, safari hii kando ya mnada wa Msalato hapa Dodoma, na kiongozi mwenye nia njema kabisa: "Mtaalamu, wakulima wetu ni wagumu. Tuwape elimu gani wabadilike?" Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi na swali hili limenichosha. Limekuja na jibu lake tayari, na jibu hilo si kweli.

"Elimu itolewe" imekuwa kama dawa ya yule mchuuzi wa mnadani mwenye spika, chupa moja inayotibu mgongo, macho na nuksi. Bei imeanguka, elimu itolewe. Mbegu imefika mvua ikiwa imeshapita, elimu itolewe. Kweleakwelea wamemaliza mtama, elimu itolewe.

Tazameni mashimo ya Chololo. Yalibuniwa humu humu Dodoma, katika kijiji cha Chololo: shimo lenye upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, linatiwa samadi, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90. Yanafaa, sina shaka. Maji ambayo yangekimbilia korongoni yanabaki mzizini, na mvua ikikata mwezi wa pili, mtama unavumilia. Mkulima akielezwa haya kwa nusu saa, ameelewa. Kisha anapiga hesabu ambayo mtoa semina hakuipiga: ekari moja inataka mashimo karibu 7,500. Akichimba 100 kwa siku, ni siku 75, na ardhi ya kiangazi ni kavu kama tofali. Nani atachimba? Vijana wako mjini kwenye bodaboda na zege.

Ndiyo maana wengi bado wanaberega: wanasafisha shamba, wanachoma masalia, wanapanda bila kutifua. Kuberega kunapoteza maji na siwezi kutetea jambo hilo. Lakini mwenye jembe moja na mikono miwili anawahi mvua ya kwanza, na huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili zake. Semina haimwongezei mkono wa tatu.

Au chukueni Macia, mtama mweupe, mfupi, unaokomaa mapema, ulioidhinishwa Tanzania mwaka 1999. Tunausifu kila mkutano. Lakini mtama mweupe usio na uchungu ndege wanaupenda kama sisi. Punje zikianza kujaa, lazima mtu akae shambani tangu alfajiri hadi jua lizame. Mwenye robo ekari ya Macia peke yake kitongojini anawalisha ndege wa kitongoji kizima. Akirudi mwaka unaofuata kwenye mtama wake wa asili mrefu, wenye mabua ya uzio na ya ng'ombe, tunaandika kwenye ripoti kwamba hana mwamko. Nimeandika ripoti za namna hiyo, na ninazijutia.

Wala si hapa tu: mwaka 1943 watafiti Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha uchunguzi wao wa wakulima 259 wa Iowa, Marekani, na mahindi chotara. Wakulima wale walikuwa na shule, barabara na pesa kuliko wetu, lakini wengi walikaa miaka kadhaa tangu kusikia habari za mbegu hadi kuipanda, na walipoipanda walianza na kipande kidogo. Habari waliletewa zaidi na wauzaji wa mbegu. Imani waliipata kwa jirani. Hakuna aliyesema watu wa Iowa ni wagumu kwa sababu ni wa Iowa. Na hapa jirani, Kongwa, ni wataalamu wenyewe wa Uingereza walioleta matrekta mwaka 1947 kulima karanga bila kuisikiliza mvua wala udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 Uingereza iliuacha mradi huo wa karanga baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Nani alihitaji elimu pale?

Kazi ya ugani ni kupunguza hasara ya kujaribu. Afisa ugani aje kabla ya mvua, arudi mwezi wa pili mazao yakiwa taabani, arudi tena mavunoni. Pikipiki zilizogawiwa maafisa ugani hapa Dodoma Aprili 2022 ni za safari hizo za kurudi, nazo zinataka mafuta.

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Shamba darasa liwe kwa mkulima wa kawaida, si kwa mwenyekiti mwenye trekta. Jaribuni robo ekari, si shamba zima. Macia ipandwe na kaya kumi kwa wiki moja, mashamba yakiwa yamepakana, mlinde ndege kwa zamu. Mbegu nunueni yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, au ya kuazimiwa ubora kwa mzalishaji mnayemjua; Macia si chotara, mnaweza kuchagua masuke bora mkatunza. Mwenye ng'ombe wa kulimia afunge matuta, yaani azibe mifereji kila baada ya hatua chache, ni kazi nyepesi kuliko mashimo. Anayetaka mashimo aanze mara tu baada ya mavuno, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo, achimbe 20 kila asubuhi kwa ile robo ekari, na mwakani apande katika mashimo yale yale.