Safari ya Meli Wiki ya Thanksgiving: Angalia Karatasi Kabla ya Bei

Marekani husherehekea Thanksgiving Alhamisi ya nne ya Novemba, na mwaka 2026 siku hiyo inaangukia tarehe 26. Shule hufungwa siku kadhaa, kwingine wiki nzima, na kampuni za meli za kitalii hujipanga mapema. Meli nyingi za safari ya siku saba hung'oa nanga Jumamosi au Jumapili inayotangulia kutoka Miami, Fort Lauderdale, Port Canaveral au Galveston, kuelekea Bahamas, Karibi au pwani ya Meksiko. Alhamisi jioni abiria huandaliwa bata mzinga wa kuoka, viazi vya kuponda na pai ya boga, na hakuna mama anayeamka alfajiri kuwasha jiko wala anayebaki na sinki lililojaa vyombo. Kwa ndugu waliotawanyika kati ya Dallas, Minneapolis na Boston, hii ni njia nzuri ya kukutana, na sina neno baya juu yake.

Ila watu wanaoniomba ushauri huanza na bei, nami huwarudisha kwenye karatasi. Kwa familia zetu zinazoishi Marekani, ambamo baba anaweza kuwa na Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, mama yuko kwenye viza ya kazi, mtoto mkubwa ni mwanafunzi na shemeji anasubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, safari hii ina hatari ambayo tangazo la meli haliitaji.

Hatari hiyo inatokana na sheria ya mwaka 1886. Bunge la Marekani, likilinda wenye meli wa nyumbani, lilizuia meli za kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani. Karibu meli zote kubwa za kitalii unazoziona Florida zimesajiliwa nje, hasa Bahamas, Panama, Bermuda na Malta, ingawa ofisi za kampuni ziko Miami na abiria wengi ni Wamarekani. Kwa hiyo meli inayoanzia na kuishia Miami hulazimika kupitia nchi nyingine, walau mara moja. Nassau na Cozumel zimo kwenye ratiba kwa sababu ya fukwe zake, ndiyo, lakini pia kwa sababu ya sheria hii. Makali yake yalionekana mwaka 2021: Canada ilipofunga bandari zake kwa ajili ya korona, safari za Alaska kutoka Seattle hazikuweza kuanza hadi Bunge lilipopitisha sheria ya muda ya kuziruhusu zisipitie Canada.

Maana yake kwa abiria ni moja. Meli ikishafika Nassau umetoka Marekani, hata kama hukushuka kitandani. Ukirudi Miami unaomba kuingia upya, mbele ya ofisa wa mpakani, kama mtu aliyetoka Nairobi kwa ndege.

Raia wa Marekani hana shida kubwa. Safari ikianzia na kuishia bandari ileile ya Marekani, anaruhusiwa kurudi na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mimi bado nasema chukua pasipoti, maana ukiugua Cozumel ukahitaji kurudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakitakupandisha. Mwenye Green Card abebe kadi yenyewe pamoja na pasipoti ya nchi yake, na aangalie kila nchi iliyo kwenye ratiba inadai nini kwa pasipoti hiyo. Marekani kumruhusu kurudi hakuilazimishi nchi nyingine kumpokea.

Kwa wenye viza mambo ni magumu zaidi. Fungua pasipoti uiangalie viza yenyewe: pana sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia. Ikiandikwa M, unaweza kuingia mara nyingi hadi tarehe ya mwisho. Ikiandikwa 1 na umeshaitumia, viza hiyo imekwisha kazi, hata kama tarehe bado iko mbele. Shangazi aliyekuja kuwaona wajukuu kwa viza ya namna hiyo akipanda meli ya Bahamas anaweza kukosa njia ya kurudi.

Wapo wanaolindwa na kanuni ya kurejea bila viza mpya baada ya safari isiyozidi siku 30, ikiwa bado wana hadhi halali ndani ya Marekani. Lakini kanuni hiyo ina mtego. Mwanafunzi mwenye hadhi ya F, au mgeni wa mpango wa mabadilishano mwenye J, anaweza kuitumia akitoka Canada, Meksiko na visiwa jirani vya Karibi isipokuwa Cuba. Mfanyakazi mwenye hadhi ya kazi ya H-1B anaruhusiwa Canada na Meksiko tu. Basi mume mhandisi wa H-1B na mke mwanafunzi wa F, viza zao zote zimekwisha muda, wakipanda meli inayopita Cozumel na Nassau, mke anaweza kurudi kwa kanuni hiyo na mume asiweze. Bandari moja tu kwenye ratiba ndiyo inayowatenganisha. Zaidi ya hayo, tangu Juni 2025 Marekani imeweka vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha imeendelea kubadilika. Ushauri wa mwaka jana usiutegemee mwaka huu.

Mkimbizi aliyepokewa Marekani, kama walivyo Wakongomani wengi, asitoke kabla ya kupata hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo huombwa kwa fomu I-131 na huchukua miezi. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi yuko pabaya kuliko wote. Akitoka bila kibali cha kusafiri kilichotolewa mapema, sheria humhesabu kuwa ameliacha ombi lake. Miaka ya kusubiri inaweza kupotea kwa mchana mmoja wa ufukweni.

Kwa familia yenye mtu kama huyo ipo njia, ingawa ni ghali. Meli ya Pride of America hupeperusha bendera ya Marekani na huzunguka visiwa vya Hawaii kwa siku saba kutoka Honolulu bila kugusa nchi ya kigeni. Ndege ya kwenda huko ni ya ndani. Sheria ileile ya 1886 inayoipeleka meli ya Miami Bahamas ndiyo inayoiacha hii ibaki nyumbani, kwa kuwa imesajiliwa Marekani.

Karatasi zikikaa sawa, sasa tuzungumze pesa. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, vinywaji, intaneti, na bakshishi ya wahudumu ambayo kampuni nyingi hukata takribani dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu wanne kwa siku saba itaona dola 500 hivi zikienda kwenye bakshishi peke yake. Wiki ya Thanksgiving ni ya bei ya juu. Kama watoto wenu hawajaanza shule, ngojeni wiki ya kwanza ya Desemba, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa wiki za bei nafuu. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki nao humalizika rasmi tarehe 30 Novemba.

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Orodha ya abiria hupelekwa serikalini kabla meli haijaondoka na kaunta hufungwa mapema, hivyo ndege ikichelewa, meli haikusubiri. Ukishapanda, nenda kwenye zoezi la usalama kwa moyo wote: jifunze kituo chako na mlio wa dharura, saba vifupi na kimoja kirefu. Baada ya meli ya kitalii ya Costa Concordia kuzama Italia Januari 2012 na kuua watu 32, wengine wakiwa wamepanda jioni ileile bila kufanya zoezi, kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Nawaomba basi, kabla ya mtu yeyote kulipa amana, kaeni mezani na pasipoti zote, kadi zote na ratiba ya bandari, mkamkague kila mmoja kwa jina lake. Penye shaka, mwoneni wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Wakala wa kuuza tiketi si mwanasheria. Na wewe unayesubiri hifadhi bila kibali mkononi, usipande meli ya Bahamas mwaka huu, hata ndugu wakikulipia.