Shauri Kabla ya Muhuri

Mvuvi wa usipa katika mwambao wa Ziwa Nyasa huutazama upepo kabla ya kusukuma mtumbwi wake. Siku hizi upepo huo huo ni mali. Nchi za Ulaya na Marekani zimesimika baharini minara ya kuzalisha umeme, na huko Marekani na Ufaransa wavuvi wamekwenda mahakamani kupinga idhini zilizotolewa na serikali zao. Je, wavuvi hao ni maadui wa maendeleo?

Jibu tulitafute kwa jirani zetu wa Kenya. Karibu na Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, ilisimikwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wake ni safi, wala hakuna anayeubeza. Lakini wafugaji walifungua kesi mwaka 2014 juu ya ardhi ya malisho ipatayo ekari 150,000, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikatamka kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Mitambo ilikwisha kuzunguka. Haki ya wenyeji ilikuwa ingali njiani.

Watu wa visiwa vya Lamu waliwahi mapema zaidi. Walipinga leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na tarehe 26 Juni, 2019, Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya liliifuta. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mitambo hiyo miwili haifanani: mmoja wa upepo, mwingine wa makaa. Kosa lake ni moja: muhuri ulitangulia shauri.

Sisi wa Njisi tusiyasikilize hayo kama habari za mbali. Tanzania na Malawi zina mpango wa pamoja wa kujenga bwawa la umeme katika Bonde la Mto Songwe, na bonde hilo ndilo shamba letu la mpunga. Umeme tunautaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai athari za miradi mikubwa zipimwe na wananchi wasikilizwe. Nao Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kutufundisha kwamba maendeleo ya watu sharti yafikiriwe, yapangwe na kutekelezwa na watu wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu watendaji, mkutano wa kijiji si ada ya kukamilisha jalada. Madaraka ni amana. Nanyi ndugu wananchi, mkiitwa mkutanoni nendeni, ulizeni, na majibu yaandikwe. Asiyesikilizwa barazani atasikilizwa mahakamani, na huko gharama hulipwa na taifa zima.