Mwaloni wa Nyuma ya Nyumba

Nyumba tunayokutania kila Ijumaa hapa London ina mwaloni nyuma yake, mrefu kuliko nyumba yenyewe. Usiku mmoja wa upepo, mwezi wa Januari, tawi lilianguka hatua mbili kutoka dirisha la jikoni. Sote tulisema mti ukatwe. Kwetu angeitwa fundi wa msumeno, na jioni tungekuwa tunagawana kuni.

Mkata miti aliyeletwa na mwenye nyumba alipanda kwa kamba, akagonga shina, akashuka akitikisa kichwa. Mti ni mzima. Tena udongo wa hapa ni mfinyanzi: mwaloni unaunyonya maji, ukikatwa, maji yanarudi, udongo unavimba, na kuta zinaweza kupasuka. Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo.

Matawi yaliyokufa aliyaondoa siku ileile, kwani hayahitaji ruhusa. Lakini moja bichi, nene, limelalia paa, na mtaa wetu ni eneo la hifadhi: kabla ya kulipogoa, halmashauri lazima iarifiwe wiki 6 mbele. Barua ikapelekwa.

Wiki 6 zilipotimia, mwishoni mwa Machi, njiwa alikuwa ameshajenga kiota kwenye tawi hilohilo. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika. Basi tunasubiri makinda yaruke. Mikutano tumeihamishia chumba cha mbele, na chai tunaipika kwa zamu, macho juu.