Vidonge vya baba vinahesabiwa, presha ya mama nani anaijua?

Shangazi yangu anauza dagaa, anaishi Buzebazeba, Kigoma mjini. Kwa miaka mingi amekuwa na kazi nyingine isiyo na malipo: kuhesabu vidonge vya presha vya mumewe. Kimoja kila asubuhi, baada ya chai. Yeye mwenyewe mara ya mwisho kupimwa presha alikuwa na mimba ya kitinda mimba wake, ambaye sasa yuko kidato cha nne.

Asubuhi moja akiwa anageuza dagaa juani, jicho lake la kushoto likafunikwa ghafla, kama mtu kashusha pazia. Baada ya dakika kumi hivi likafunguka. Akaendelea na dagaa wake. Jioni alinisimulia kwenye simu huku anacheka. "Ni jua tu, mwanangu."

Mimi sikucheka. Jicho moja kupoteza nuru kwa dakika chache kisha kurudi ni mojawapo ya dalili za onyo la kiharusi, na mara nyingi chanzo huwa shingoni.

Weka vidole viwili pembeni mwa koromeo, utasikia mapigo. Huo ndio mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo, na uko mmoja kila upande. Karibu na pembe ya taya hugawanyika mara mbili, na hapo kwenye njia panda damu huzungukazunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Aliyechimba mfereji wa maji shambani anajua tope hutuama wapi. Ndani ya mshipa kinachotuama ni mafuta, ambayo kwa miaka hujenga utando mnene ukutani. Kipande kikimeguka, au damu ikiganda juu yake, hubebwa hadi kwenye jicho au kwenye ubongo.

Utando huu haufanani kwa baba na mama. Tafiti za Ulaya na Marekani zilizochunguza shingo za wagonjwa wa kiharusi zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaume huwa na utando mwingi zaidi, na wao mara nyingi huwa laini: umejaa mafuta, wakati mwingine umevujia damu ndani, ni rahisi kupasuka. Wa wanawake mara nyingi ni mgumu na umetulia zaidi. Sigara ni sehemu ya sababu, na homoni za kike humlinda mama kwa kiasi.

Hapo ndipo akina mama wengi wanapojidanganya. Ulinzi huo hupungua hedhi inapokoma. Mishipa ya shingo ya mwanamke pia ni myembamba kuliko ya mwanamume, na aliyewahi kupata kifafa cha mimba hatari yake ya kiharusi baadaye ni kama mara mbili ya mwenzake. Shangazi aliwahi kukipata. Hakuna aliyemwambia kwamba habari hiyo haikuishia leba.

Na kwetu shingo si mshtakiwa wa kwanza. Watafiti waliofuatilia kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 walipata wagonjwa 636. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 109. Mshtakiwa mkuu ni presha, ambayo huharibu hata mishipa midogo ndani kabisa ya ubongo na kuipasua. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha, wanaume kwa wanawake karibu sawa.

Jambo lililonishangaza: ni watu wa Dar es Salaam, si wa vijijini Hai, waliokuwa wepesi kusema kiharusi ni jini. Huku Ujiji pia nimelisikia hilo, na sibishani na imani ya mtu. Ila uso ukipinda upande, mkono ukilegea au maneno yakagongana, hospitali iwe ya kwanza. Dua inaweza kusomwa njiani. Usimpe chakula wala maji, huenda hawezi kumeza. Usimpe aspirini pia, kwa sababu bila picha ya kichwa hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka. Angalia saa, umwambie daktari dalili zilianza lini. Zikiisha zenyewe, nenda vilevile, siku hiyohiyo.

Shangazi alikwenda baada ya siku tatu za kubembelezwa, na presha yake ilikuwa juu kuliko ya mumewe. Kipimo cha mishipa ya shingo, ambacho ni mashine ileile ya mawimbi ya sauti wanayopimiwa wajawazito, bado anakisubiri. Amepunguza chumvi kwenye mboga, mawese amegoma kuyaacha kabisa. Mumewe ndiye amepewa kazi ya kumkumbusha vidonge. Juzi nilipopiga simu, alikuwa amesahau.