Nani anaweza kuomba? Msaada wa serikali juu ya afya na usalama wa kazi katika koperative



Kila mara tunapopita kutembelea koperative, kiisha kuona depo na kuhesabu magunia, kuna mtu mmoja anayeinua mkono. Swali lake tunalijua mbele hajafungua kinywa: "Leta haina franga za kutusaidia tununue mabote, maske na maganti? Tunasikia inchi zingine bakulima banapewa. Siye tuombee wapi?"

Safari hii aliyeuliza ni kijana mwenye mkono uliofungwa bandeji. Alikuwa anatumika kwenye mashini ya kusaga mahindi ya koperative yao. Siku moja mkanda wa mashini ulikamata mkono wa shati lake, na mbele mwenzake hajazima mota, vidole viwili vilikuwa vimekwenda. Koperative ililipa kituo cha afya, kisha ikalipa hospitali, na pesa hizo zilitoka kwenye sanduku la mbegu za musimu. Ndipo ugomvi ulianza. Wamoja walisema: "Mama yake ni memba, ni mtoto wetu, tulipe yote." Wengine wakajibu: "Hapana, yeye alikuwa mutu wa kazi, tulishamulipa kila posho." Kumbe hakuna aliyekuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha ni nani anasema kweli. Hatutaji jina la koperative hiyo, maana tunajua nyingi ambazo ziko vilevile.

Tujibu swali, lakini tuanzie mbali kidogo. Huku kwetu Kongo, msaada wa serikali juu ya afya na usalama wa kazi hauko ndani ya mfuko mmoja wenye jina hilo. Umegawanyika, na kila kipande kina mlango wake. Mlango gani utakufungukia, inategemea wewe ni nani siku ile unaumia: mtu wa kazi anayelipwa, ao memba kwenye shamba lake mwenyewe, ao koperative yenyewe kama shirika. Watu wengi wanapiga hodi kwenye mlango usio wao, kisha wanarudi nyumbani wakisema serikali haina kitu.

Mlango wa kwanza ni wa mtu wa kazi. Yeyote ambaye koperative inamlipa mshahara, awe zamu wa depo, gerant, sekretere, dereva ao mtu wa mashini, ni mfanyakazi mbele ya Sheria ya Kazi ya tarehe 16/10/2002, ambayo ilirekebishwa tarehe 15/7/2016. Sheria hiyo haiangalii kama mwajiri ni kampuni kubwa ya madini ao kikundi cha wakulima wa kijijini. Tena kuna kifungu kimoja ambacho tungependa kila komite ikibandike ukutani. Mtu ambaye unamchukua kazi ya siku kwa siku, kama ameshatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, halafu unamchukua tena mbele miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inahesabu kwamba ana kontra isiyo na mwisho. Hakuna haja ya kutia sahihi ndipo awe mfanyakazi. Yule kijana wa mashini alikuwa anafanya siku 6 kila juma. Hesabuni wenyewe. Na wale wamama wanaochagua kahawa kwenye kituo cha kuosha wakati wa mavuno, wengi wao wanapita siku 22 bila mtu yeyote kuwahesabu.

Mfanyakazi wa namna hiyo, mwajiri anapashwa kumwandikisha kwa CNSS, ni kusema Caisse Nationale de Sécurité Sociale, ile wazee wetu wanayoijua bado kwa jina la INSS. Sheria namba 16/009 ya 15/7/2016 ndiyo inaiongoza. CNSS inashughulika na mambo matatu: pensheni, msaada wa familia, na hatari za kazi. Hatari za kazi ndizo zinazotuhusu leo. Ni ajali unayopata kwa sababu ya kazi ao ukiwa kazini, pamoja na ile inayokukuta njiani ukienda kazini ao ukirudi nyumbani, na pia magonjwa yanayoletwa na kazi. Mtu aliyeandikishwa anaweza kupata matunzo ya hospitali, kitu kidogo cha kila siku wakati hawezi kutumika, na kama amebaki kilema, malipo ya kilema chake. Akifa, wajane na watoto wanabaki na haki yao.

Inauzwa bei gani? Hapo ndipo komite nyingi zinashtuka, lakini tuangalie hesabu pole pole. Mchango wote ni 18 kwa 100 ya mshahara. Mfanyakazi anatoa 5, mwajiri anatoa 13. Kwa zile 13 za mwajiri, 5 ni za pensheni, 6,5 ni za familia, na 1,5 ni za hatari za kazi. Ni kusema kwa mtu mwenye kupata dola 100 kwa mwezi, kinachomlinda siku ya ajali ni dola moja na nusu tu. Kweli, hauwezi kulipa hiyo dola moja na nusu peke yake na kuacha zingine, mchango ni mmoja. Lakini ile koperative ya mashini ilitumia sanduku lote la mbegu kwa vidole viwili. Tuliketi na memba wao tukahesabu pamoja, na kimya kilikuwa kikubwa.

Mnapashwa kuelewa tena kwamba CNSS haiondoi mzigo wote kwa koperative. Sheria ya Kazi inamwomba mwajiri amtunze mfanyakazi wake anapougua ao anapoumia, na familia yake pia. Inamwomba pia kuwa na komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Kwa koperative ndogo, komite hiyo inaweza kuonekana kama mchezo wa watu wa mjini. Sisi tuliona fasi moja watu watatu na daftari moja, wanazunguka depo kila Jumatatu wakiandika kamba iliyokatika, ngazi iliyooza, dawa iliyofunguka, na hiyo ilikuwa kazi ya kweli.

Sasa memba mwenyewe. Hapa tunaomba msikasirike. Memba anayelima shamba lake, akivuna kahawa yake ao kakao yake na kuiuza kwa koperative, si mfanyakazi wa koperative. Koperative haimlipi mshahara, inanunua mavuno yake. Akianguka kwenye muti ao dawa ikimwingia machoni shambani kwake, koperative haiwezi kumtangaza kwa CNSS kama mtu wake wa kazi. Kuna viongozi waliojaribu kuandika wamemba wote kama wafanyakazi ili "tupate kitu cha Leta". Msifanye hivyo. Mtalipa michango ya watu 200 wasio na mshahara, na siku ya kontrole mtaitwa waongo.

Kwa memba, mlango ulio karibu ni mutuelle ya afya. Sheria ya tarehe 8/2/2017 ndiyo inayopanga mambo ya mutuelle katika inchi yetu. Mutuelle si zawadi ya serikali, ni pesa za wamemba wenyewe zinazowekwa pamoja. Lakini ikitambuliwa na sheria, inaweza kufanya mapatano na kituo cha afya na kusimama mbele ya wenye kusaidia. Koperative nyingi zinakata kitu kidogo kwa kila kilo wakati wa kununua mavuno, kwa sababu wakati huo ndio mkulima ana franga mkononi. Kumwomba mchango mwezi wa njaa ni kumfukuza. Na wamama wenye mimba wanaotuuliza: mpango wa kuzaa bila kulipa, ambao serikali iliuanzisha Kinshasa mwaka wa 2023, hauangalii kama mama ana kontra ya kazi ao hana. Ulipanuliwa katika province zingine kwa zamu. Ulizeni kituo cha afya chenu kama kiko ndani.

Mlango wa tatu ni wa koperative yenyewe, na huu ndio unaofanana zaidi na lile swali la mabote na maske. Sheria ya kilimo ya tarehe 24/12/2011 ilisema kutakuwa Fonds ya taifa ya kuendeleza kilimo. Tena miradi mingi ya serikali inayobebwa na wenye kukopesha wa inje imepita kwetu: PASA-NK huko Kivu ya Kaskazini, pamoja na FIDA, juu ya kahawa, viazi, mchele na mahindi; PICAGL huko Kivu ya Kusini na Tanganyika, pamoja na Benki ya Dunia. Hakuna mmoja wao unaoitwa mradi wa maganti. Lakini mradi wa namna hiyo unapoomba koperative ilete mpango wa kazi na bajeti, hakuna anayekataza kuandika ndani yake kifuniko cha mkanda wa mashini, mabote ya watu wa kupulizia dawa, sanduku la dawa za kwanza, na siku mbili za mafundisho. Wenye kutoa pesa hizo wenyewe wanauliza: kazi hii italeta hatari gani kwa watu, na mtaizuia namna gani? Koperative nyingi zinaacha mstari huo mtupu, ao zinaandika "hakuna hatari". Kwenye kituo cha kuosha kahawa chenye mashini, maji yanayotelezesha na mota ya mazutu, kusema hakuna hatari ni kujinyima wenyewe.

Nani basi anaweza kuweka dosie? Shirika linalojulikana kwa sheria. Toka Kongo iingie katika OHADA mwaka wa 2012, koperative inafuata sheria ya pamoja ya OHADA iliyotoka Lomé tarehe 15/12/2010. Koperative ndogo inaanza na watu 5, ile yenye baraza la uongozi inaanza na watu 15. Inapata uhai mbele ya sheria siku inapoandikwa katika rejista ya makoperative. Kama statiti zenu ni zile za zamani, za mbele ya OHADA, na hamkuzigeuza, hapo ndipo dosie yenu itakwamia, hata kama mnafanya kazi vizuri namna gani. Kisha wanaomba kuona PV ya mukutano mkuu, orodha ya wamemba yenye sahihi, namba ya Id. Nat., namba ya kodi (NIF), na konti ya benki kwa jina la koperative, si kwa jina la prezida. Hiyo ya mwisho tumeiona ikiangusha koperative nzuri kabisa.

Jambo lingine. Kuna watu wanaopita vijijini na mapiki wakiuza formulere za "msaada wa serikali", dola 20, dola 50. Wanaonyesha kachet na picha za wakubwa kwenye telefone. Michango ya CNSS inalipwa benki, na unarudi na bordero yako mkononi. Mtu anayekuambia "nipe mimi, nitakupelekea" bila risiti, mwache aendelee na safari yake. Na kwenye sehemu ambako maofisi na benki zimefungwa kwa sababu ya vita, ndiko watu hao wanapenda kupita. Huko, kitu mnachoweza kufanya sasa ni kuandika: daftari la siku za kazi za kila mtu, na daftari la ajali lenye tarehe, saa, mahali, majina ya walioona, na karatasi ya munganga. Siku mlango utakapofunguka, mwenye daftari ataingia wa kwanza.

Na mbele ya dosie yoyote, mashini iko inazunguka leo. Fundi wa kusudira wa sokoni anaweza kufunga mkanda wa mashini kwa mabati na vyuma vya zamani kwa siku moja. Dawa ya wadudu, msiivuruge kwa mkono, tumieni fimbo. Pulizieni asubuhi, upepo ukiwa mgongoni. Nguo za kupulizia zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Chupa ya dawa iliyoisha itobolewe. Tumeona nyingine ikiuzwa sokoni na mafuta ya mawese ndani, na muuzaji alitushangaa tulipouliza. Watoto wasikaribie pompa, hata kama "anasaidia baba yake tu".

Ile koperative ya mashini imeandika sasa kontra za watu watatu: wa mashini, zamu na gerant. Mkanda umefunikwa. Juu ya kijana, komite ilikubali mwishoni, kiisha mukutano wa saa tano, kwamba alikuwa mfanyakazi wake, na dosie yake ilipelekwa kwa inspekta wa kazi pamoja na ushahidi wa watu wanne waliomwona akitumika pale toka mwanzo wa musimu. Jibu halijakuja wakati tunaandika haya. Yeye yuko depo, anapima magunia kwa mkono wa kushoto, na ndiye anayeshika daftari la ajali.