Neno "Mrusha Mkuki" na Wanawake katika Mashindano

Mtu wa Mkomaindo, kule Masasi, asikiapo kwamba fulani ni mrusha mkuki, haelezwi kama ni mwanamume au mwanamke, kwani ngeli ya m-/wa- haibagui. Lakini kwa kuwa mkuki huhesabiwa silaha ya wanaume, msikilizaji hudhani ni mwanamume. Dhana hiyo ina hasara. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas wa Tanzania alipata nishani ya fedha kwa kurusha mkuki, miaka 9 kabla ya Filbert Bayi kushinda mita 1500 kule Christchurch. Basi yampasa aandikaye historia ya michezo amtaje mshindi kwa jina, maana sarufi peke yake haitaonyesha kwamba alikuwa mwanamke.