Kiasi cha Bunduki: Istilahi na Ufundi wa Kujaza Risasi kwa Mkono

Utangulizi

Neno risasi hubeba maana tatu katika Kiswahili. Kwanza, ni madini mazito yenye rangi ya kijivu, na hii ndiyo maana ya asili ya neno hili katika Kiarabu. Pili, ni kipande kinachotoka mtutuni bunduki inapofyatuliwa. Tatu, ni kifaa kizima kinachotiwa ndani ya bunduki kabla ya kufyatuliwa. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutatua utata huu. Hata hivyo, shahidi anapoieleza mahakama kwamba "risasi mbili ziliokotwa", mkalimani hana budi kujiuliza iwapo zilikuwa hazijapigwa au ni vipande vilivyokwisha kutoka mtutuni. Makala hii inaeleza ufundi wa kujaza risasi kwa mkono, kama ufanywavyo na walenga shabaha wa Marekani na kwingineko, kwa nia ya kuonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kuueleza bila utata.

Sehemu nne

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo aghalabu huwa la shaba nyeupe. Ya pili ni fataki, yaani kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda, ambacho hutoa cheche kinapogongwa. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni risasi yenyewe, iliyoshikwa na shingo ya ganda. Baada ya kufyatua, risasi, baruti na fataki huwa zimetumika, ila ganda hubaki. Ufundi unaojadiliwa hapa unatokana na ukweli huo: ganda moja laweza kujazwa mara nyingi.

Hatua za ufundi

Ganda linapopigwa hutanuka kwa shinikizo la gesi. Kwa hivyo, baada ya kusafishwa, hubanwa ndani ya kalibu ya chuma ili lirudie umbo lake. Shingo iliyorefuka hukatwa, fataki mpya hupachikwa, kisha baruti hupimwa kwa mizani na kumiminwa. Hatimaye risasi husukumwa shingoni hadi kina kilichokusudiwa. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban miligramu 65 tu.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo ilhali risasi za kiwandani zinauzwa madukani. Jibu ni usawa. Kiwanda hutengeneza risasi zitakazoingia katika kila bunduki ya aina fulani. Mlenga shabaha hutengeneza zinazoafiki bunduki yake moja. Risasi yenye kasi ndogo kuliko mwenzake hukaa hewani muda mrefu zaidi, kwa hivyo huvutwa chini zaidi na uzito wake. Katika umbali wa yadi 100 tofauti hiyo haionekani sana, lakini katika yadi 1,000 huonekana wazi.

Mfano bora ni risasi ya 6mm PPC, iliyobuniwa mwaka 1975 na Wamarekani Louis Palmisano na Ferris Pindell kwa mashindano ambayo bunduki hulazwa juu ya meza. Aghalabu hupigwa risasi tano, kisha hupimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Washindani wengi hujaza risasi papo hapo uwanjani, wakibadilisha baruti kidogo kidogo kadiri joto la siku linavyobadilika.

Usahihi huo una hatari yake. Baruti ikizidi, au ya aina moja ikitumiwa mahali pa nyingine, bunduki yaweza kupasuka mikononi mwa mwenyewe. Ndiyo maana wajazaji hufuata vitabu vyenye viwango vilivyojaribiwa, wakianzia chini ya upeo. Nchini Kenya, utengenezaji wa risasi unadhibitiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Urithi wa gobori

Ikumbukwe kwamba Waswahili waliwahi kujaza bunduki kwa mkono. Mwenye gobori alimimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, akatia risasi au marisau, kisha akashindilia kwa mdeki. Bunduki ya gumegume ilipata cheche kutoka jiwe. Iliyofuata ilitumia fataki. Leo vijana wengi huijua fataki kama mwako wa rangi angani usiku wa sherehe, kumbe neno hilo lilikuwa na kazi bundukini.

Muhimu zaidi ni kwamba kamusi za kale zinakiita kifaa kizima kiasi cha bunduki. Jina hili lina mantiki: baruti iliyopimwa tayari na kufungwa pamoja na risasi ni kiasi kimoja cha kufyatua. Likirejeshwa, kiasi kitakuwa kifaa kizima, risasi itakuwa kipande kinachoruka, na ganda litakuwa kinachosalia. Shahidi atasema viasi viwili viliokotwa, na mkalimani hatakuwa na la kuuliza.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba wanaistilahi hawahitaji kukopa maneno mapya kila wanapokutana na ufundi mgeni. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mjazaji wa viasi huongeza kuwa kibaba nacho kina ukingo wake, na kupita ukingo huo ni hatari. Neno kiasi linabeba mafunzo yote mawili.